Kwa nini mtu wa mkopo aliniita "Kabati Juja"

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi hivi. Niko kwa matatu Thika Road, nimebanwa dirishani na gunia la abiria mwenzangu. Simu ikaita, namba ngeni. Kazi yangu ni ya mauzo na matangazo, kwa hivyo namba ngeni huwa nazishika.

"Hello, naongea na Kabati Juja?"

Nikajua amekosea namba. "Hapana, si mimi."

"Ni wewe, madam. Namba ni yako." Akanisomea namba yangu yote, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akataja jina la mwanaume na kuniambia huyo mtu ana deni lao la shilingi 3,400. "Mwambie alipe kabla ya saa nane. Akikosa, tutajua wewe ndiye unamficha." Akakata.

Nilikaa na hilo jina hadi Roysambu ndipo nikakumbuka. Nikiwa mwaka wa tatu chuoni nilikuwa nimepanga chumba Juja, na kuna fundi alinitengenezea kabati la nguo. Tukaelewana bei, nikamtumia deposit kwa simu, akaleta kabati, nikamalizia pesa, basi. Hatukuwahi kuongea tena. Ila kwa simu yake alikuwa ameniandika vile mafundi wengi huandika wateja: kazi, kisha mahali. Kabati Juja.

Hilo jina halikuwa mahali pengine popote duniani isipokuwa ndani ya simu ya huyo fundi. Mimi mwenyewe sikulijua. Kwa hivyo mtu wa mkopo alipolitamka, alikuwa amenithibitishia kwamba kampuni yao ilichukua majina yote kwa simu ya mteja wao, ikayahifadhi kwake, na sasa inayapigia moja baada ya lingine.

Nilimpigia fundi jioni. Hakushika. Akanipigia mwenyewe usiku, na kabla sijauliza chochote akaanza kuomba msamaha. Sikuwa wa kwanza. Walikuwa wamempigia mama mkwe wake. Wakapigia mweka hazina wa chama chake. Wakapigia mteja wa Ruiru aliyekuwa ameshampa kazi ya vitanda viwili, na huyo mteja akasema atatafuta fundi mwingine kwa sababu hataki mambo ya watu wa madeni. Kazi ya vitanda viwili ilikuwa na faida kuliko deni lenyewe. Fikiria hapo: kampuni inayotaka ulipe inakuharibia kazi ambayo ungelipia nayo.

Nikamuuliza kama alituweka sisi kuwa wadhamini. Akashangaa. "Madam, mimi nilibonyeza tu Ruhusu. Hakukuwa na kitufe kingine."

Deni ni lake, namba ni yangu

Wengi wetu tunaamini kwamba ukiwa na deni, huna mdomo. Fundi alikuwa anaamini hivyo kabisa. Nilipomwambia anaweza kushtaki, alicheka: nitashtaki aje na pesa nimekula?

Ila sheria ya Kenya haijapangwa hivyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutofichuliwa habari za familia yake na mambo yake binafsi bila sababu. Haisemi "kila mtu asiye na deni". Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, iliyotiwa saini Novemba mwaka huo. Sheria hii inamtambua mwenye data kuwa ni yule ambaye habari zinamhusu. Jina langu na namba yangu vikiwa kwa simu ya fundi, bado vinanihusu mimi. Fundi kunihifadhi kwa matumizi yake ya nyumbani na kazi zake ndogo hakuna shida. Ila hawezi kubonyeza kitufe akatoa ruhusa kwa niaba yangu, ya mama mkwe, na ya watu wengine mia tatu ambao hawakuwa hapo wakati anabonyeza.

Kwa hivyo kuna kesi mbili hapa. Fundi analalamika kwamba deni lake limetangazwa kwa watu. Mimi nalalamika kwamba nimeingizwa kwa rekodi za kampuni ambayo sijawahi kukopa kwake hata shilingi. Na yote mawili yanasimama hata kama deni ni la kweli na halijalipwa. Mkopeshaji ana haki ya kudai pesa yake, na ana njia halali za kuidai. Kumpigia Kabati Juja si mojawapo.

Tena si sheria ya data peke yake. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ya Kenya ilirekebishwa ili wakopeshaji wa kidijitali wawe chini ya leseni, na Machi 2022 zikatoka kanuni zao. Kanuni hizo zinakataza mkopeshaji kutisha mteja, kumtukana, na kuingia kwa orodha ya namba zake ili kuwatumia watu meseji akichelewa kulipa. Imeandikwa wazi. Google nao wakafuata: kuanzia Januari 2023 apu ya mkopo inayolenga Kenya lazima ionyeshe kibali ili ikae kwa Play Store, na kuanzia 31 Mei 2023 wakapiga marufuku apu za mikopo ya kibinafsi kusoma majina na picha kwa simu ya mtu.

Sasa utauliza, kama yote haya yamekatazwa, Kabati Juja alipigiwaje? Fundi hakupata hiyo apu Play Store. Alitumiwa kiungo kwa WhatsApp na rafiki yake wa steji, akaguza, ikajipakua yenyewe. Apu ya namna hiyo haijapita mlango wowote wenye askari. Kama kuna jambo moja ningependa ushike leo kuhusu mikopo ya simu, ni hili la kiungo. Riba tunaweza kuongea siku nyingine.

Nilipokuwa upande wa pili

Acha niseme ukweli ambao hauniweki vizuri. Nikiwa mwanafunzi wa mafunzo ya kazini, mahali fulani ambapo sitapataja, nilipewa faili ya namba za simu na kuambiwa nitumie watu meseji za ofa. Namba zilikuwa maelfu. Zilikuwa na majina, na zingine zilikuwa na mtaa. Niliandika meseji nzuri sana, nikapongezwa. Sikuuliza namba zilitoka wapi. Hakuna mtu ofisini aliyeuliza. Chuoni tulifundishwa kwamba orodha ya wateja ni mali ya kampuni, na hiyo sentensi niliiandika kwa mtihani nikapata alama.

Sheria hiyo ya 2019, kwa kifungu cha 37, inasema huwezi kutumia data ya mtu kibiashara isipokuwa amekubali waziwazi au sheria nyingine inakuruhusu na umemjulisha. Na kanuni zilizofuata 2021 zinataka kila tangazo liwe na njia rahisi ya mtu kujitoa, bila kulipia. Zile meseji zangu nzuri hazikuwa na njia hiyo. Wale watu walikuwa Kabati Juja wangu.

Ninataja hili kwa sababu mara nyingi tunafikiria kuna mhalifu fulani kwa chumba chenye giza anayeiba namba. Kwa sehemu kubwa ni watu wa kawaida kama mimi, kwa ofisi zenye dirisha kubwa na chai ya saa nne.

Na ni vitabu vya kawaida. Unakumbuka Juni 2021? Msajili wa Vyama vya Kisiasa alipofungua mfumo wa kuangalia uanachama mtandaoni, Wakenya wengi walijikuta wameandikishwa kwa vyama ambavyo hawajawahi hata kuhudhuria mkutano wake. Malalamiko yakamiminika. Namba ya kitambulisho na jina vilikuwa sahihi, na watu wengi walinyooshea kidole vile vitabu vya kujiandikisha kwa mawakala wa pesa na kwa mageti ya majengo. Ukienda kwa wakala leo na kitabu bado kipo, angalia ukurasa uliofunguliwa. Kama unaweza kusoma jina, kitambulisho na kiasi cha mtu aliyetoka kabla yako, ujue atakayekuja baada yako atasoma vyako. Mwambie wakala afunike mistari ya juu. Si kumkosea heshima. Mawakala wazuri wana kadibodi ya kufunikia, na yule wangu wa Githurai hata haambiwi.

Serikali nayo ilitaka kuangalia

Ukifikiria, rekodi ya miamala yako inasema mengi kukuhusu kuliko picha zako. Inaonyesha kodi ya nyumba, sadaka, dawa, karo, pesa za mzazi kijijini, na yule mtu unayemtumia mia tano kila Ijumaa usiku bila maelezo. Ndiyo maana mjadala wa nani aruhusiwe kuisoma haukuishia kwa wakopeshaji.

Mswada wa Fedha wa 2024 tunaukumbuka kwa maandamano na kwa mkate. Watu wachache walifika kwa kifungu kilichotaka kurekebisha Sheria ya Ulinzi wa Data ili kazi ya kukadiria na kukusanya ushuru isamehewe masharti yake. Mswada wote uliondolewa, rais akakataa kuutia saini tarehe 26 Juni 2024, na kifungu hicho kikaenda nao. Mwaka uliofuata wazo likarudi kwa mlango mwingine. Mswada wa Fedha wa 2025 ulipendekeza kufuta kipengele kwa sheria ya taratibu za ushuru kinachoizuia KRA kulazimisha biashara kuunganisha mifumo yake nayo kwa njia inayotoa siri za biashara na data binafsi za wateja. Kwa lugha ya dukani: badala ya KRA kuomba rekodi ya mtu fulani anayechunguzwa, ingeweza kuwa na bomba la kudumu.

Hoja ya KRA haikuwa ya kipuuzi. Kuna watu wanaofanya biashara kubwa kwa simu na hawalipi kitu, na mzigo unabaki kwa aliye na payslip. Mimi nina payslip, najua uzito wake. Ila kamati ya fedha ya Bunge la Taifa ilikikataa kifungu hicho, ikisema kinagongana na kifungu cha 31 cha Katiba, na sheria iliyotiwa saini Juni 2025 ilitoka bila hicho. KRA bado inaweza kupata habari za mtu anayechunguzwa kwa njia zilizopo kisheria, ikiwemo amri ya mahakama. Tofauti ni kwamba lazima iseme inamtafuta nani na kwa nini.

Ndiyo, najua ninaandika haya kwa kampuni inayohifadhi rekodi zako. Usituamini kwa sababu tuna rangi nzuri. Sheria ile ile inatubana: ukituuliza tuna habari gani zako na tunazitumia kwa nini, tunatakiwa kukujibu, na ukisema kuna kosa turekebishe. Na habari zako zikivuja kwa njia inayoweza kukuumiza, kampuni yoyote ina saa 72 za kumjulisha Kamishna tangu ijue. Siku Mswada wa Fedha wa mwaka mwingine utakapotoka, usiishie kusoma bei ya unga. Tafuta neno "data".

Je, hiyo ofisi inafanya kazi?

Hili ndilo swali fundi aliniuliza, na ni swali zuri. Tuna sheria nyingi Kenya.

Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Miaka miwili ya kwanza ofisi ilikuwa inatafuta viti na kuandika kanuni. Kisha faini zikaanza. Aprili 2023 mkopeshaji anayeitwa Whitepath alipigwa faini ya shilingi milioni 5. Septemba mwaka huo kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha apu za KeCredit na Faircash, ikapigwa faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine kutuma vitisho. Hiyo ni hadithi ya Kabati Juja kabisa. Siku hiyo hiyo klabu moja Nairobi na shule moja zilipigwa faini kwa kuweka picha za watu na za watoto mtandaoni bila idhini. Na ofisi imeshaagiza watu binafsi walipwe fidia, hasa waliotumiwa picha zao kwa matangazo bila kuulizwa.

Ila kuna mahali sheria ina meno mafupi. Faini ya juu ni shilingi milioni 5, au asilimia moja ya mauzo ya kampuni ya mwaka uliopita, *kiasi kilicho kidogo* kati ya hizo mbili. Fanya hesabu. Kampuni yenye mauzo ya milioni 40, asilimia moja ni laki nne. Kampuni ya mabilioni, inasimama kwa milioni 5. Ulaya sheria yao inasema kinyume: euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya dunia nzima, kiasi kilicho *kikubwa*. Sisemi tunakili Ulaya. Faini ya namna hiyo ingefunga biashara ndogo kwa kosa la kwanza. Lakini kwa mkopeshaji anayepiga simu elfu kumi kwa siku, laki nne inaweza kuwa gharama tu ya kazi, kama umeme. Kwangu hapo ndipo sheria inahitaji fundi.

Tulichofanya

Kwanza, simu yenyewe. Tulikutana Jumamosi kwa karakana yake, tukafungua mipangilio, tukaenda kwa programu, tukachagua ile apu, tukaingia kwa ruhusa na kuzima zote: majina (kwa simu za Kiswahili utaona "Anwani"), meseji, picha, mahali. Kisha tukaifuta apu. Kabla ya kuifuta tulipiga picha za skrini zinazoonyesha deni, tarehe na namba ya akaunti, maana ukifuta kwanza unabaki bila ushahidi. Na nikamwambia ukweli: kuzima ruhusa kunazuia wasichukue tena. Hakurudishi walichochukua.

Pili, tuliandika. Mimi niliitumia kampuni meseji na barua pepe fupi, bila matusi, ingawa mkono ulikuwa unawasha:

*"Mimi si mteja wenu wala mdhamini wa mtu yeyote kwenu. Mlinipigia tarehe hii, saa hii, kwa namba hii. Naomba mniambie mlipata wapi namba yangu, mfute habari zangu zote, na mnithibitishie kwa maandishi."*

Unaweza kuinakili. Badilisha tarehe tu. Barua ya fundi ilikuwa na sentensi moja zaidi: kwamba anakubali deni na atalipa kwa awamu, na wasimpigie mtu mwingine yeyote. Hiyo sentensi ilimpa kazi kuiandika kuliko zote.

Mimi walinijibu baada ya siku nne, kwamba namba yangu "imeondolewa kwa mfumo". Swali la walikoipata hawakuligusa. Fundi hawakumjibu, na wiki iliyofuata wakampigia mchungaji wake.

Hapo tukaenda kwa Kamishna. Malalamiko unaweza kuyaweka kwa tovuti ya ofisi hiyo, kwa barua, au ukayasema kwa mdomo wakakuandikia. Huhitaji wakili, na hakuna ada. Ukiona mtu anakuitisha pesa "ya kufungua faili", huyo ni mwizi mwingine. Weka majina ya waliopigiwa simu kama wamekubali, picha za meseji, tarehe na namba zilizopiga. Mama mkwe alikubali jina lake litumike kabla fundi hajamaliza kuuliza. Alikuwa bado na hasira, na sidhani ilikuwa hasira ya fundi.

Sheria inaipa ofisi siku 90 kuchunguza na kuamua, na asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Fundi amemaliza deni, lote, mwezi uliopita. Malalamiko hayakuondolewa kwa sababu hiyo. Ameandika siku kwa ukuta wa karakana kwa chaki, karibu na vipimo vya mbao, na nilipopita juzi zilikuwa zimebaki 41.